Moret-sur-Loing kwa siku moja kutoka Paris: mwongozo kamili kwa mnaopotea kila mara

Kila mwaka joto likianza napokea simu zilezile. Mtu yupo Paris, kachoka foleni za mnara wa Eiffel, anataka kuona Ufaransa ya mashambani, kijiji cha mawe, mto, bata wanaelea, basi namwambia nenda Moret-sur-Loing, treni ni moja tu na hata saa nzima haifiki. Jioni ananipigia. Wa kwanza aliishia Melun, mji wa njiani. Wa pili alifika ila saa nane na nusu mchana, akakuta majiko yote yamefungwa, akala biskuti kwenye benchi. Wa tatu ndo aliniudhi kabisa, kafika vizuri, kashuka barabara moja juu mpaka chini, dakika 20, kageuza kituoni anasema "mbona hakuna kitu".

Jamani kitu kipo. Ila huu mji hauonekani ukiwa ndani yake, unaonekana ukiwa ng'ambo ya mto, na yeye mto hakuuvuka.

Kwa hiyo naandika hatua kwa hatua, historia nairuka, ukiitaka utaisoma kwenye treni.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka

- Kadi ya Navigo Easy, ile ya kujazia tiketi, moja kwa kila mtu. Kadi yenyewe inauzwa euro 2 kwenye vituo vya metro na haihitaji picha. Kadi moja haiwezi kuvusha watu wawili kwa pamoja, hata uijaze tiketi ishirini.
- Tiketi mbili kwa kila kichwa, ya kwenda na ya kurudi, zote ziwe ndani ya kadi kabla hujaondoka Paris. Aina yake inaitwa Métro-Train-RER (RER ni treni za Paris na vitongoji vyake). Kuna nyingine inaitwa Bus-Tram, hiyo haiingii kwenye treni.
- Simu yenye chaji na ramani uliyoipakua mapema.
- Viatu vya kutembea. Barabara za ndani ni mawe, na ukingo wa mto ukinyeshewa ni tope.
- Chupa ya maji, kitambaa au khanga ya kukalia kwenye nyasi (khanga inashinda kila kitu, inafuta, inakaliwa, inafunika mtoto), na sarafu kidogo.
- Pasipoti au kitambulisho chako. Mkaguzi akikukuta na kosa atakiomba.

Kuhusu nauli, wengi bado wanadhani kwenda mbali ni ghali. Tangu Januari 2025 mkoa mzima wa Île-de-France, yaani Paris na maeneo yanayoizunguka, una bei moja ya tiketi ya treni, ilianza na euro 2.50 na huwa inapanda kidogo mwaka ukibadilika. Moret imo ndani ya mkoa huohuo, pembeni kabisa kusini mashariki. Yaani unalipa sawa na anayeenda vituo viwili vya metro. Kama tayari una Navigo ya wiki, ile pasi ya mkoa mzima, usinunue chochote, inakufikisha.

## 1. Chagua siku, alafu chagua saa

Siku nzuri ni Jumamosi, au siku ya kazi kuanzia Jumatano. Jumatatu sikushauri, maana maduka mengi ya miji midogo ya Ufaransa hupumzika siku hiyo, hata ya mikate. Jumapili asubuhi ni sawa, mchana wake mji unalala. Epuka pia 1 Mei, siku hiyo hata mbwa hawabweki.

Saa ni muhimu kuliko siku. Lenga uwe umefika mjini kabla ya saa tano asubuhi. Sababu ziko mbili. Kwanza jua: mji uko upande wa magharibi wa mto, wewe utautazama kutoka mashariki, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni kwako na mawe yote yanang'aa, ukija jioni jua linakupiga usoni na picha inatoka nyeusi. Pili tumbo, hiyo nitaifikia.

Angalia na mvua za nyuma. Mto Loing ni mpole kwa macho tu, Juni 2016 ulifurika vibaya sana ukaingia majumbani. Kukiwa na mvua za mfululizo fungua tovuti ya Vigicrues, ni ya serikali na inaonyesha hali ya mito kwa rangi. Kijani nenda. Njano fikiria. Rangi ya machungwa au nyekundu, kaa Paris.

## 2. Hapa ndo mnapoteana: treni

Nenda Gare de Lyon, ile stesheni yenye mnara wa saa. Metro 1 na 14 zinafika, RER A na D pia. Ukitokea kwenye metro tumia kadi hiyohiyo kugusa tena pale treni zinapoanzia, tiketi yako bado inaendelea, hukatwi upya.

Sasa sikiliza. Unayoitaka ni Transilien, treni za mkoa, laini R. Sio RER D. Zote mbili zinafika Melun, lakini RER D inasimama kila kichochoro na haiendelei mpaka Moret, ndo iliyomla yule wa kwanza. RER D ipo chini ardhini, laini R inaondokea juu pamoja na treni kubwa. Ukijikuta unateremka ngazi za umeme kuelekea shimoni, geuka.

Ukifika juu tazama ubao. Majina yatakuchanganya kwasababu yote yanaanza na M: Melun, Montereau, Montargis, Moret. Moret hutaikuta kama mwisho wa safari, ni kituo cha njiani. Fanya hivi:

Treni ya Montargis, panda.

Treni ya Montereau, usipande kwanza, soma maneno ya chini yake. Ikiandikwa *via Moret*, panda. Ikiandikwa *via Héricy*, iache iende, hiyo baada ya Melun inashika upande mwingine wa mto Seine na Moret haigusi kabisa. Ni sawa na daladala mbili rangi moja, konda mmoja anaita Mbagala mwingine Gongo la Mboto. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilipanda ya Héricy nikiwa nimejiamini sana, nikashushwa na aibu Champagne-sur-Seine, nimebeba kikapu cha chakula kama naenda kwenye harusi. Jina tamu, ila sipo nilipotaka.

Namba ya njia, wao wanaita *voie*, hutokea kwenye ubao muda mfupi kabla ya treni kuondoka. Usiwe na wasiwasi ukiona patupu, simama ubaoni usubiri. Na saa zao ni za 24, 14:30 maana yake saa nane na nusu mchana kwetu, kuna mtu alisoma 10:00 akaelewa saa kumi jioni, sitamtaja ila ni wa familia.

Gusa kadi kwenye mashine ya zambarau mpaka ilie na taa iwe ya kijani. Ukipita bila kugusa, kwa mkaguzi hilo ni kosa la faini, na kuwaambia "nimenunua" hakusaidii.

Ukiwa ndani, ishara za kuwa uko sawa ni hizi: treni inakimbia bila kusimama mpaka Melun, baadaye unaanza kuona msitu pande zote mbili, kisha inafika Fontainebleau-Avon na karibu behewa zima linashuka, hao wanaenda kwenye kasri. Wewe kaa. Kuna ambazo husimama Thomery, halafu ndo Moret. Kituo kimeandikwa Moret – Veneux-les-Sablons, usishangae jina refu. Safari yote ni dakika 50 hivi, na ukikaa ghorofa ya juu utaona vizuri zaidi.

Kabla ya kuondoka nyumbani hakikisha kwenye app ya Île-de-France Mobilités kwamba laini R inatembea siku hiyo. Wikiendi huwa wanafanya matengenezo, na ukikuta neno *travaux* ujue kuna basi la kubadilishia au hakuna safari kabisa.

## 3. Kutoka kituoni mpaka mjini

Ukitoka nje hutaona mji wa kale. Utaona nyumba za kawaida, magari yamepaki, na utadhani umedanganywa. Hujadanganywa, mji wenyewe uko mbele, mwendo wa dakika 20 hivi kwa mguu, njia tambarare.

Kwenye ramani usiandike Moret peke yake. Kata za hapa ziliunganishwa na jina rasmi sasa ni Moret-Loing-et-Orvanne, eneo kubwa, simu inaweza kukupeleka kwenye ofisi isiyohusiana. Andika Porte de Samois. Hilo ni lango la mawe la upande wa Paris.

Basi lipo kwa mwenye mtoto au mzee, ila kumbuka tiketi ya treni haiunganishi na basi, lazima ile ya Bus-Tram. Kama miguu inakubali tembea tu.

Ukiona mnara wa mawe umesimama katikati ya barabara na magari yanapenya chini yake kwenye tao, umefika.

## 4. Pita katikati bila kujichelewesha

Ukishapita lango uko kwenye Rue Grande, barabara kuu, inateremka moja kwa moja mpaka lango la pili la Porte de Bourgogne na daraja. Ni mita mia chache tu. Hapa ndo yule wangu wa tatu aliishia.

Kosa ni kuanza kupiga picha kila dirisha. Pita kwanza, utarudi. Mambo mawili tu ya kufanya njiani.

La kwanza, ingia duka la mikate ununue chakula cha akiba, hata kama una mpango wa kula mgahawani. Baget moja, jibini, matunda. Sababu nitaisema hatua ya sita. Na ukiingia dukani popote pale, kabla ya swali, kabla ya kuonyesha kidole, sema *bonjour*. Wenzetu hawa neno hilo kwao ni kama hodi. Mtu akiingia kwako bila hodi akaanza kuuliza bei ya sufuria utamjibuje? Ndo hivyo hivyo. Watu wanarudi wakilalamika Wafaransa wana dharau, ukimuuliza ulisema bonjour, kimya.

La pili, weka meza sasa hivi. Chungulia mgahawa unaoupenda, uliza kama wana nafasi saa sita na nusu. Wanaandika jina lako wanakuacha uende zako.

## 5. Vuka daraja. Hii ndo safari yenyewe

Toka kwa Porte de Bourgogne, panda daraja la mawe, usisimame katikati kwa muda mrefu maana magari yanapita na kijia cha miguu ni chembamba. Pembeni utaona kinu cha zamani kimekaa juu ya kisiwa na maji yanapita chini kwa kelele. Maliza daraja lote, kisha shuka kwenye nyasi za upande ule, panaitwa Pré de Pins. Tembea kidogo ukiufuata mto, hatua mia hivi, halafu ndo ugeuke.

Ukigeuka utaelewa kwa nini nasumbua watu. Daraja, kinu, lango, paa za vigae, na juu ya yote kanisa la Notre-Dame la hapa (sio lile la Paris), na vyote hivyo vimelala kichwa chini ndani ya maji. Mchoraji Alfred Sisley, mzaliwa wa Paris wa wazazi wa Kiingereza, alihamia hapa na alikaa mpaka alipofariki Januari 1899, na miaka yote hiyo alichora daraja hilihili, kanisa hilihili, miti hiihii, asubuhi, jioni, na mafuriko. Hakuwa mjinga. Kuna vibao vyenye nakala za picha zake, simama pale aliposimama yeye ulinganishe, watoto wanaupenda sana huo mchezo.

Tandika khanga. Kaa. Nusu saa angalau, mi huwa nakaa saa nzima na sifanyi lolote, naangalia maji. Nuru inabadilika kila wingu likipita, na upepo ukitulia ule mji wa ndani ya maji unakuwa wazi kuliko wa juu. Ukipiga picha usisimame wima, chuchumaa simu iwe karibu na maji, utapata vyote viwili, mji na kivuli chake.

Onyo, na hili ni kwa wenye watoto hasa. Usiogelee wala kuchovya miguu karibu na vinu. Maji yanaonekana yamelala, ila penye kinu kuna kizuizi na mkondo unavuta kwa chini. Na bata wana wivu na baget yako, usiwazoeshe.

Umefaulu hatua hii kama umesahau kuangalia saa. Lakini iangalie, kwasababu:

## 6. Chakula kina saa zake, na saa hazibembelezwi

Majiko ya huku yanafunguka saa sita mchana na kufungwa saa nane. Sio mgahawa kufungwa, unaweza kukuta watu bado wamekaa na kahawa zao, ila mpishi kaondoka. Mwaka mmoja nilifika saa nane na dakika ishirini na wageni wanne kutoka Dar, mwenye mgahawa akatuangalia kwa huruma kabisa, akatikisa kichwa, akatuletea maji. Nimemsihi, wapi. Kuanzia hapo mpaka saa moja jioni hupati chakula cha moto, ndo maana nikasema nunua mkate asubuhi.

Ukikaa mezani:

Maji ya kununua si lazima. Sema *une carafe d'eau*, wanakuletea jagi la maji ya bomba bure, ni haki ya mteja.

Kama huli nguruwe, kumbuka anajificha. Neno *lardons* ni vipande vyake vidogo, vinatupiwa kwenye saladi na chapati za mayai bila hata kutangazwa, na *jambon* ni paja lake. Sema *sans porc*. Michuzi mingi ina mvinyo ndani, kwa hiyo asiyetaka kabisa achague samaki wa kuoka au chapati nyembamba za *galette* zenye jibini na mayai, halafu aulize.

Bakshishi sio lazima, huduma imo ndani ya bei.

## 7. Sasa rudi ndani ya mji, taratibu

Ukishashiba ndo wakati wa vichochoro. Anza na kanisa, alafu zunguka nyuma yake kwenye Rue Montmartre, ndo kwenye nyumba aliyoishi Sisley, ni ya mtu binafsi kwa hiyo unaitazama ukiwa nje, usigonge. Ndani ya ua wa ofisi ya manispaa kuna ukuta wa nakshi unaoitwa nyumba ya François wa Kwanza, mfalme wa zamani wa Ufaransa. Kichekesho chake ni kwamba huo ukuta uliwahi kung'olewa jiwe kwa jiwe ukapelekwa Paris, ukakaa huko zaidi ya miaka mia, ukarudishwa. Hata mawe yalipachoka Paris.

Zawadi ya kubeba ni moja tu, pipi za shayiri za Moret, *sucre d'orge*, zilizoanza na watawa wa hapa mwaka 1638. Rangi ya asali, ngumu, haziyeyuki ndani ya begi hata ukizifikisha Tanga. Sumaku za friji ziache, ni zilezile za kila mahali.

Saa moja na nusu inatosha kwa yote haya.

## 8. Ukibaki na nguvu: Saint-Mammès

Hii ni ya hiari. Fuata mto Loing kule maji yanakoelekea, nusu saa hivi kwa mguu, utafika Saint-Mammès, mahali Loing unapoingia kwenye Seine. Ni mji wa mashua ndefu za mizigo, *péniches*, zimefungwa gatini kwa mistari, baadhi ni nyumba za watu kabisa, zina maua na baiskeli juu. Jumapili asubuhi kuna soko kando ya mto.

Kuna kituo cha treni pia, ila kiko kwenye tawi la Montereau peke yake. Treni za Montargis hazipiti hapo. Ukikosa moja utangoja, kwa hiyo angalia saa ya kurudi kabla hujaanza kutembea, sio baada.

## 9. Kurudi

Ondoka mjini dakika 35 kabla ya treni, sio 20, kwasababu kurudi kila mtu anatembea polepole na kuna mtu lazima atataka choo. Treni hazifuatani kama metro, ukiachwa na moja unaweza kukaa nusu saa au zaidi, na kituoni hakuna cha kufanya.

Gusa kadi tena, hii ndo tiketi ya pili uliyojaza asubuhi, na utajishukuru ukikuta mashine ya kuuzia imeharibika. Simama upande ulioandikwa Paris Gare de Lyon.

Kama kesho yake una nafasi, nenda Musée d'Orsay, makumbusho ya sanaa ya Paris, iko picha ya Sisley ya daraja la Moret ya mwaka 1893. Jumatatu wamefunga.